Tuligombania wimbo wa maksai wa babu na watu wa Kakuma, mpaka mama akaamua kwenda mwenyewe

Wakuu, ejok! Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu Lodwar, na ukiitikia umeshakuwa mwenyeji.

Mimi humu jukwaani ni wa kusoma na kupita. Nacheka comments zenu, nazima simu, naendelea na kazi. Lakini jana nimeona watu wanatukanana kurasa na kurasa, eti ngoma fulani ni ya kabila gani, nani aliiba na nani ndiye mwenyewe. Nikasema wacha na mimi nitoe yangu, maana haya yamenikuta na bado yananikaa rohoni.

Sitaongeza chumvi. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka avute kiti akae tu, hakuna kiingilio.

Ndugu zetu wa Bongo mnivumilie Kiswahili. Huku Turkana Kiswahili ni cha kukutania sokoni, kila mtu anapanga maneno anavyoweza.

Basi, naitwa Ekal. Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Lodwar mjini, na pembeni naongoza kikundi cha edonga. Hiyo ni ngoma yetu ya asili. Haina gitaa wala kinanda, ni sauti, makofi, njuga za miguuni na kuruka mpaka vumbi liombe msamaha. Tunaalikwa harusi, mikutano, wageni wakubwa wakishuka na ndege, sisi ndio tunawapokea.

Sasa kabla sijaenda mbali lazima niwaeleze kitu, la sivyo mtaniona mwendawazimu.

Mwanaume wa Kiturkana wa zamani alikuwa na maksai wake mmoja wa kupenda. Si wa kuuza, si wa kuchinja hovyo. Anamfungia njuga shingoni, anamzungusha mbele ya watu, na jina la yule maksai linakuwa jina lake. Babu yangu mzaa mama, kwa mfano, aliitwa Apalokori. Maana yake baba wa yule mwenye madoa kama ya twiga.

Na huyo maksai anatungiwa wimbo. Mwenyewe ndiye anayetunga. Akicheza anainua mikono juu kuigiza zile pembe, anaimba sifa za mnyama wake, na wimbo huo ni wake mpaka kaburini. Ukiuimba lazima umtaje.

Kutungiwa na mtu mwingine? Wee! Hilo halisemwi mbele za watu. Ni kama umwombe jirani akakuposee mke na akakae naye kwa niaba yako.

Haya, tuendelee.

Babu Apalokori mimi sikumwona. Hata mama hamkumbuki sawasawa. Mama anaitwa Nakiru, na alikuwa bado mtoto wa kubebwa mabegani wakati ukame ulipokuwa mkali, babu akachukua ng'ombe wake akapanda nao kaskazini kutafuta majani, ng'ambo ya mpaka, huko kwa Watoposa, ambako leo ni Sudan Kusini.

Alikuja nyumbani mara moja, akapanda tena, na safari hiyo hakurudi.

Mwaka ule kulikuwa na uvamizi, huku wanaiba ng'ombe kule, kule wanakuja huku. Hakuna mtu aliyeleta habari yoyote. Mtu akienda upande ule wakati ule na asirudi, hamwulizani. Kila mtu alijua. Mama amekua akijua hivyo, ameolewa akijua hivyo, ametuzaa na kutulea akijua hivyo: Watoposa walimuua baba yake na wakachukua ng'ombe.

Picha ya babu hakuna. Kaburi hakuna. Kitu pekee alichobaki nacho mama ni ule wimbo, aliofundishwa na mama yake. Bibi alimwambia, "Ukitaka kumsikia baba yako, imba." Basi sisi watoto wote tumelala kwa huo wimbo, tumepona malaria kwa huo wimbo.

Nawatafsiria kidogo, ingawa Kiswahili hakiutendei haki: "Kori wangu, pembe moja inashika mbingu, nyingine imeinama inaninong'oneza sikioni." Mnaona lakini? Mtu aliyetunga hivyo alikuwa na akili ya peke yake.

Kikundi changu kilipoanza, huo ndio ulikuwa wimbo wetu wa kufunga kazi. Na mimi kabla hatujauimba nilikuwa na hotuba yangu. Nasimama mbele, nakohoa, natangaza: "Huu ni wimbo asilia kabisa, umetungwa na babu yangu Apalokori, hauna ndugu, hauna jirani!" Mama akiwepo alikuwa anakaa mstari wa mbele. Nikitaja jina la baba yake ananyoosha shingo na zile shanga zake zote, hamwangalii mtu. Nilikuwa naipenda sana ile shingo ya mama, nawaambia ukweli.

Sasa tuje Kakuma.

Nina rafiki pale kwenye kambi ya wakimbizi anaitwa Paulino. Ni Mtoposa, alikuja mkimbizi miaka mingi iliyopita, ana duka la vitenge na sukari, na simu za wateja wake zikiharibika ananitumia mimi Lodwar. Mtu mtaratibu sana, wa kanisani, hata akikasirika anakasirika kwa adabu. Urafiki wetu mama sikuwahi kumweleza vizuri. Nilikuwa nasema tu "mteja wangu wa Kakuma", maana mama na neno Toposa havikuwa vinakaa sufuria moja.

Binti yake Paulino akaolewa. Akanipigia: "Ya akhi, ndugu yangu, lete kikundi chako, nataka watoto wetu wacheze ngoma ya nyumbani." Kiturkana na Kitoposa ni ndugu, tunasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo kwake ngoma yetu ni ya nyumbani. Nikaenda na kikundi kizima.

Harusi ilikuwa tamu wakuu. Misa ya saa nyingi, mapadri wawili, wamama wamevaa zile nguo nyembamba za Juba za kufungia begani, spika zinapiga muziki wa Wakongo, Wasomali jirani wameleta wali na mbuzi. Ikafika zamu yetu. Tukaruka, watu wakaruka, vumbi likapanda.

Tukamalizia na wimbo wa babu. Nikatoa hotuba yangu kama kawaida, hauna ndugu, hauna jirani, ingawa zile spika zilikuwa bado zinanguruma na hata mimi sikujisikia.

Tukaanza tu, mama mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na meza ya maharusi akasimama. Ni mama yake Paulino, wanamwita nyanya Rebeka, mwembamba, rozari shingoni, fimbo mkononi. Akaiacha fimbo kwenye kiti. Akaingia katikati yetu akainua mikono, mmoja juu, mmoja umekunjwa, akaimba na sisi neno kwa neno.

Nikatabasamu. Nikasema huyu amesikia video zetu, umaarufu umefika.

Tukafika mwisho, tukapiga makofi ya kufunga.

Yeye hakufunga.

Akaendelea na beti ambayo mimi sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Na ndugu zake wote, wale wazee wa Kitoposa waliokaa pembeni, wakaipokea kwa sauti nzito. Wanaijua! Ilisema hivi: "Kori amelala mlangoni, hataki kuingia, anamngoja mwenyewe."

Ewoi, mwimbaji wangu mkuu, akanisogelea. "Ekal, hawa wametoa wapi hii?"

Mimi damu imeshapanda. Hasira yangu iko karibu, mke wangu anaweza kuwapa ushuhuda. Nikamfuata Paulino mpaka kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, mbele ya wageni.

"Huu wimbo mmeutoa wapi?"

"Ni wa kwetu," akasema. "Babu yangu Lopeyok ndiye aliutunga. Mimi ndiye nilitaka kukuuliza nyinyi mmeutoa wapi. Lakini ya akhi, kula kwanza."

Kula kwanza! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mods wataufunga uzi. Bahati nzuri Ewoi ni mkubwa wa mwili, alinishika kiuno akanitoa kama gunia la mkaa.

Ngojeni kidogo, kuna mteja.

Nimerudi. Simu imeingia maji ya ziwa, jamaa anasema ilianguka kwenye karai. Karai gani lina mchanga na magamba ya samaki? Haya.

Si kuna mtu alikuwa amerekodi? Video ikawekwa mtandaoni kabla sisi hatujafika Lodwar. Hapo ndipo mlango wa jehanamu ulipofunguka. Mtoposa mmoja aliyeko Australia anasema ni wetu. Mturkana wa Nairobi anasema thubutu. Mkaramoja kutoka Uganda akaja akasema nyote watoto, hiyo imetoka kwetu, nyinyi mlihama nayo. Hata Mpokot akapita, yeye hakudai wimbo, alidai ng'ombe.

Na mimi ndiye nilikuwa jemadari. Nilikuwa naacha simu za watu kwenye meza zimefunguliwa matumbo, niko bize kumjibu mtu wa Australia. Kila mtu alikuwa na babu, kila babu alikuwa ametunga. Nilikuwa nafurahia vita, nisiwadanganye.

Mpaka jirani yetu mmoja mwenye kiherehere akampelekea mama ile video.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama amekaa nje, simu ya jirani mkononi, ameishika kama anavyoshika yai. Akaniambia, "Rudisha pale mwisho." Nikarudisha. Kori amelala mlangoni. "Rudisha tena." Nikarudisha.

Akailaza simu mapajani. Halafu akauliza, polepole kabisa, "Maksai wa baba yangu amelala mlango wa nani?"

Wakuu, mimi bado nilikuwa nafikiria habari za nani ametunga. Sikuwa nimefika huko. Mama alikuwa ameshafika. Kama wanajua maksai alilala mlangoni, basi mlango ni wao.

"Walimchukua baba," akasema. "Wakachukua ng'ombe. Sasa wamechukua hata wimbo. Wanaucheza harusini, na wewe mtoto wangu uko pale unawapigia makofi."

Akaniwekea simu ya jirani mkononi. Akasema kikundi kisiuimbe tena huo wimbo, wala yeye mwenyewe hatauimba tena, maana kila akifungua mdomo atawasikia wale. Na kweli hakuuimba. Wajukuu wakimwomba anawaambia koo linauma. Mama yangu ni mtu wa kelele, wa kugombana na mbuzi na kuku na redio, na sasa nyumba ilikuwa kimya mpaka mke wangu akaanza kuogopa. Mimi niliumia jamani. Vita vya mtandaoni niliviacha siku ile ile, sikuvitaka hata kuviona.

Nikapanda Probox ya abiria nikaenda Kakuma. Nia yangu ilikuwa moja: waniambie walimfanya nini babu, na waache kuimba wimbo wake.

Paulino aliniona nashuka, akafunga duka bila kuniuliza kitu. Akanipeleka kwa mama yake. Nyanya Rebeka alikuwa anachambua kunde nje ya nyumba yake ya matofali ya udongo. Nikamsalimia kwa heshima, maana mzee ni mzee, lakini nikabaki nimesimama.

"Nyanya, ule wimbo ni wa Apalokori."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Unamjua wapi Apalokori?"

"Ni babu yangu. Mama yangu ni Nakiru, mtoto wake."

Aliniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa. Halafu, wakuu, akacheka. Yaani alicheka mpaka kunde zikamwagika, akapiga mapaja, akamgeukia mwanawe: "Ya salaam! Paulino, huyu ni mjukuu wa yule asiyeweza kuimba!"

Nilitaka kuondoka. Kweli kabisa, nilishageuka. Paulino akanishika mkono akasema, "Ekal, kaa. Tafadhali kaa usikie."

Nikakaa. Na haya ndiyo aliyonieleza.

Babu alifika kwao wakati wa ukame akiwa na ng'ombe wamebaki mifupa. Yeye Rebeka alikuwa msichana mdogo anayechunga mbuzi. Baba yake, Lopeyok, angeweza kumfukuza, lakini alimwonyesha maji. Wakachinjiana mbuzi, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Babu alikuwa mtu wa vicheko, anasema, watoto wote walikuwa wanamfuata nyuma.

Lakini alikuwa na shida moja. Alikuwa na maksai mzuri kuliko wa mtu yeyote pale, na hakuwa na wimbo. Kutunga hakuweza. Alijaribu, kila akijaribu inatoka kama mtu anaita punda. Vijana wanacheza jioni, kila mmoja anamwimbia maksai wake, yeye anasimama pembeni na huyo Kori wake mwenye njuga, ananyamaza. Ilimtesa sana. Basi siku moja akamvuta Lopeyok kando huko machungani akamwomba amtungie. Kwa siri. Na Lopeyok, ambaye alikuwa fundi wa nyimbo, akamtungia, akamfundisha huko huko porini mbali na watu, wiki baada ya wiki, mpaka akakata tamaa ya kumfundisha.

Babu aliwahi kurudi nyumbani na huo wimbo. Ndiyo mara ile bibi alipoujifunza, na nadhani sauti aliinyoosha mwenyewe. Kisha akapanda tena kaskazini, ukame haukuwa umeisha, na ndipo homa ikamshika. Hakuna mtu aliyemgusa. Alikufa kwa homa kwenye nyumba ya Lopeyok, amelazwa kwenye ngozi ya Lopeyok.

"Mbona hamkuleta habari?" nikauliza. 

"Nani angeleta?" nyanya akasema. "Bunduki zilikuwa njiani. Mtu wetu angefika kwenu angekufa kabla hajamaliza salamu. Na Kori alikuwa analala mlangoni, tunamwingiza, anatoka. Baba akaongeza ile beti. Akasema tuimbe kila penye watu wengi, ipo siku wenyewe watasikia."

Kisha vita vyao vikaja, wakakimbia, wakafika Kakuma hawana kitu mkononi. Wimbo wakaja nao, na wakaendelea kuuimba kila penye watu wengi.

Nilirudi Lodwar nimejaa furaha kama mpumbavu. Nikajua mama ataruka. Nikamkalisha, nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho.

Mama akasikiliza. Akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza mama."

"Kwa hiyo walimuua, na sasa wanasema hakuweza kuimba."

"Mama, hawakumuua, ilikuwa homa..."

"Homa!" Akasimama. "Kila aliyeuawa upande ule anasemwa ni homa. Na baba yangu hakutungiwa wimbo na mtu! Mwanaume anatungiwaje wimbo? Baba yangu alikuwa na sauti ambayo ng'ombe walikuwa wanaacha kunywa maji wamsikilize. Nipeleke kwa huyo mwanamke. Aniambie mimi machoni."

Nilijaribu kumtuliza, mke wangu akajaribu, pasta wetu akajaribu. Wapi! Alivaa shanga zake zote, zile za sherehe, zinazofika mpaka masikioni, akachukua fimbo, akakaa ndani ya Probox kiti cha mbele kabla hata dereva hajafika. Njia nzima mpaka Kakuma alikuwa anagonga fimbo sakafuni mwa gari. Mimi nyuma naomba Mungu asimpige nyanya wa watu.

Tulikuta wametandika mkeka, chai ya maziwa iko tayari, mandazi yamefunikwa. Mama akakataa mkeka. Akakataa chai. Akasimama na fimbo yake mbele ya nyanya Rebeka, na akaanza kuongea Kiswahili.

Hapo lazima muelewe. Hawa wawili lugha yao ni moja, wangeweza kusikilizana kama dada na dada. Mama aliikataa makusudi. Aliongea kile Kiswahili chake cha sokoni, cha kuongea na mgeni asiyemjua.

"Wewe mama," akasema. "Mimi nasikia wewe nasema baba yangu hapana jua kuimba."

Nyanya Rebeka akaweka birika chini. Alimwangalia tu usoni, akawa kama anamsoma.

"Nasema wewe naongopa. Kama ulimwona, nionyeshe mimi. Aliimba namna gani?"

Nyanya akamkabidhi Paulino rozari yake. Akasimama, taratibu, magoti yake si mazuri. Akainua mkono wa kushoto juu kama pembe iliyonyooka, wa kulia akaukunja mbele ya uso.

Na akaimba vibaya.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Mwanamke yule yule aliyeimba harusini mpaka watu wakasisimka, sasa alikuwa anatoa sauti ya beberu aliyekwama kwenye miiba. Anaanza kabla ya wakati wake. Anafika kwenye jina la maksai, "Kooori", sauti inapanda, inapanda, inavunjika katikati, anakohoa, anacheka kicheko kikubwa cha kiume, anasema, "Hapana, hapana, tena!" Anaanza upya, inavunjika palepale. Ilikuwa mbaya mpaka Paulino akaangalia chini kwa aibu.

Nikamgeukia mama kumwomba radhi.

Mama alikuwa ameziba masikio.

Fimbo imeanguka chini. Ameziba masikio kwa viganja viwili, ameyafumba macho, ameinamisha kichwa kama mtoto anayekimbia kelele. Na alikuwa anacheka. Halafu nikaona machozi yanapita katikati ya shanga.

"Alikuwa ananibeba mabegani," akasema, na safari hii kwa Kiturkana. "Nilikuwa juu ya mabega yake, yeye anaimba, mimi naziba masikio. Ndivyo hivyo. Ndivyo hivyo hasa. Huyo ni baba."

Miaka yote hiyo hakuwa anakumbuka. Hakuwa na sura yake, hakuwa na sauti yake. Alikuwa na ile sauti nzuri aliyompangia mwenyewe kichwani, na kumbe siyo yake.

"Rudia," akamwambia nyanya Rebeka. "Rudia pale inapovunjika."

Nyanya akarudia. Mama hakuziba masikio tena.

Walikaa kwenye ule mkeka mpaka chai ikapoa, wakaleta nyingine nayo ikapoa. Sisi wanaume tulitoka tukaenda kukaa dukani kwa Paulino, hakuna aliyetuhitaji pale. Tuliporudi mama alikuwa ameegemea bega la mwanamke ambaye asubuhi alikuja kumpiga, na nilimsikia anauliza kwa sauti ndogo:

"Siku za mwisho, akiwa na homa. Aliimba?"

"Aliimba," nyanya akasema. "Vibaya kuliko siku zote. Na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia anyamaze."

Ndiyo hivyo wakuu.

Kaburi liko ng'ambo, nyanya anajua lilipo, kwenye mlango wa boma la zamani. Kwa sasa hakupitiki vizuri. Mama amesema kwa vile yuko mlangoni kwa watu, hana haraka, anajua alipo.

Nilichojifunza mimi? Kwenye ile vita yetu ya mtandaoni sote tulikuwa tunauliza wimbo ni wa nani, na kila mtu anataka jibu liwe jina la kwao. Hakuna aliyeuliza uliimbwa wapi, kwa sababu gani, na nani alikuwa anasikiliza. Mimi ningeuliza hivyo harusini, badala ya kushika sahani na kutukana, mama yangu asingekaa kimya zile siku zote.

Hotuba yangu nimeibadilisha. Sasa nasimama nasema: huu ni wimbo wa Apalokori Mturkana, ulitungwa na rafiki yake Lopeyok Mtoposa, kwa sababu Apalokori alikuwa hawezi kuimba kabisa. Watu wanacheka, kisha tunauimba, pamoja na beti ya mlangoni. Wazee wengine wa kwetu wamenikasirikia, wanasema nimemvua babu nguo hadharani. Ewoi naye hajafurahi, anasema siri ya mwanaume nimeitangaza kwenye spika. Labda wana haki. Nilimuuliza mama kama niache.

Mama akasema nisithubutu kuacha.

Yeye mwenyewe nyumbani haimbi tena ile njia nzuri aliyofundishwa na bibi. Anaimba ya baba yake. Anaanza kabla ya wakati, anapanda kwenye Kori, inavunjika, anakohoa, anasema hapana, tena. Wajukuu wanaziba masikio, na yeye anawaangalia hivi, ameshiba kabisa.

Nyinyi je? Kuna wimbo kwenu mnaosema ni wa kwenu? Tupeni hapo chini. Lakini msiniambie ni wa kabila gani. Niambieni nani alikuwa anauimba nyumbani kwenu, na alikuwa anaukosea wapi.